Picha Moja, Matoleo Mawili: Niliyojifunza kwa Kulinganisha Mandhari ya Rangi na ya Nyeusi na Nyeupe

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiamua haraka. Picha ya mandhari ikitoka na rangi za kupendeza, niliiacha na rangi zake. Ikitoka imepooza, niliigeuza kuwa nyeusi na nyeupe na kuendelea na mambo mengine. Utaratibu huo ulifika mwisho nilipoamua kuchapa mkusanyo wa picha zangu za milima, maziwa na misitu kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, nikajiwekea sharti kwamba kila picha itengenezwe kwa matoleo yote mawili kabla ya kuchagua lipi litachapwa. Nilidhani ni kazi ya majuma machache. Ilichukua miezi mingi, ikala karatasi na wino kupita nilivyopanga, na zilikuwepo siku ambazo sikutaka hata kuiwasha kompyuta. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo, laiti ningeambiwa mapema na aliyenitangulia, yangeniokolea sehemu kubwa ya muda na gharama hiyo.

Ugumu wa kwanza ulitokana na jinsi toleo lisilo na rangi linavyopatikana. Katika programu nyingi za kuhariri picha kuna amri ya kuondoa rangi kwa kubonyeza mara moja, na ni rahisi kuamini kwamba kinachobaki ndiyo picha yenyewe iliyovuliwa mapambo. Sivyo. Programu hukokotoa kijivu cha kila nukta kwa fomula, na fomula hizo hazifanani. Ile ya kiwango cha Rec. 709, kinachotumika kwa televisheni na skrini, huchukua takribani asilimia 72 ya mwangaza kutoka kwenye kijani, asilimia 21 kutoka kwenye nyekundu, na asilimia 7 tu kutoka kwenye buluu, kwa sababu jicho la binadamu huona kijani kuwa angavu kuliko rangi hizo nyingine mbili. Amri nyingine huzipa rangi zote tatu uzito sawa. Kwa hiyo picha ileile ikipitishwa katika amri mbili hutoa anga mbili tofauti na milima miwili tofauti, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliochaguliwa na mpiga picha. Ulinganishi wa namna hiyo hauna haki: upande mmoja kuna toleo la rangi lililohangaikiwa jioni nzima, na upande wa pili kuna toleo ambalo mashine imelikokotoa kwa kufumba na kufumbua. Si ajabu kwamba la kwanza linashinda.

Picha iliyonifundisha zaidi kuhusu hili ilikuwa ya mteremko wenye nyasi za kijani kibichi, uliotapakaa maua mekundu kuanzia chini ya fremu hadi kwenye mwamba wa juu. Katika rangi, jicho huenda moja kwa moja kwenye maua na kupanda nayo. Katika toleo la kubonyeza mara moja, maua yalitoweka kabisa. Wekundu wake na ukijani wa nyasi vilikuwa na mwangaza unaokaribiana, vikatoa kijivu kilekile, na mteremko mzima ukabaki kama blanketi lililofuliwa mpaka nakshi zake zikafutika. Ndipo nilipofungua kichanganyio cha rangi, yaani sehemu ya programu inayomwezesha mtu kuamua kila rangi iwe kijivu cha kiasi gani. Nilipoinua nyekundu, maua yakawa vitone vyeupe vilivyopanda mlima kwa mstari ulio wazi. Nilipoishusha, yakawa madoa meusi, na mahali palepale palipokuwa na uchangamfu pakapata sura ya ardhi iliyoungua. Nilikaa muda mrefu nikisogeza kidhibiti hicho kimoja huku na huku, na hakuna mahali kilipofika ambapo ningeweza kusema kwamba hapa ndipo ukweli wa mteremko ulipo. Toleo la rangi lina nanga: nyasi zikitoka zambarau, kila mtu atajua kuna hitilafu. Toleo jeusi na jeupe halina nanga hiyo, na kwa sababu hiyo humdai mtengenezaji wake maamuzi mengi zaidi.

Hapo kuna jambo dogo la kiufundi ambalo humchelewesha mtu bure. Anayetaka kung'arisha majani na nyasi hukimbilia kidhibiti cha kijani, kisha hushangaa kuona hakuna kinachobadilika sana. Majani mengi, hasa yaliyopigwa na jua, huangukia upande wa njano kuliko jicho linavyodhani. Kidhibiti cha njano ndicho kinachoinua nyika na misitu. Cha kijani hufanya kazi zaidi kwenye majani yaliyo kivulini.

Nilipoanza kusoma jinsi wapiga picha wa zamani walivyoshughulika na tatizo hili, niligundua kwamba kichanganyio cha kompyuta ni mrithi wa filta za kioo, yaani vioo vya rangi vinavyowekwa mbele ya lenzi. Sahani za karne ya 19, yaani bamba zilizopakwa kemikali zinazohisi mwanga, zilihisi zaidi mwanga wa buluu na urujuani, kwa hiyo anga ya buluu ilitoka nyeupe tupu na mimea ikatoka nyeusi. Katika miaka ya 1850, mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray alichapa baadhi ya picha zake za bahari kwa kutumia negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya mawingu, maana negativu moja ilishindwa kubeba vyote viwili. Mwaka 1873 mkemia Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikiongezwa kwenye kemikali za sahani, sahani hiyo huanza kuhisi kijani, na baadaye zikaja filamu zinazohisi rangi zote. Mpiga picha wa Marekani Ansel Adams, alipopiga picha ya mwamba wa Half Dome huko Yosemite, California, mwaka 1927, alitumia kwanza filta ya njano, kisha akaweka filta nyekundu iliyokolea, na anga ikatoka karibu nyeusi huku mwamba ukisimama mbele yake. Filta nyekundu ya kawaida hupunguza mwanga unaoingia hadi takribani sehemu moja ya nane, na uamuzi ukishafanyika haurudi nyuma. Leo tunafanya uamuzi uleule tukiwa tumeketi, na tunaweza kuubatilisha hata mara mia. Urahisi huo ni neema, lakini ndio pia uliokula miezi yangu.

Fizikia iliyo nyuma ya filta hizo inafaa kueleweka, kwa sababu inaeleza kwa nini baadhi ya picha hukataa katakata kubadilika. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na ndiyo maana anga safi ni ya buluu. Ukishusha buluu kwenye kichanganyio, anga hiyo hukolea na mawingu meupe hujitokeza. Anga iliyofunikwa na wingu la kijivu haina buluu ya kushushwa. Nilipoteza jioni kadhaa nikijaribu kuipa uhai anga ya siku ya mawingu mazito kwa vidhibiti vya rangi, kumbe nilikuwa nageuza usukani wa gari lililozimwa injini. Anga ya namna hiyo hutengenezwa kwa kukoleza na kung'arisha sehemu zake kwa mkono, au huachwa ilivyo. Jambo la pili ni kwamba vivuli vya mahali wazi huangazwa na anga, kwa hiyo navyo vina buluu ndani yake. Kila unaposhusha buluu ili anga ikolee, vivuli vya mabonde hushuka pamoja nayo. Katika picha yangu moja ya mchana wa jua kali, anga ilipofikia weusi nilioupenda, korongo zima lilikuwa limeshageuka wino, bila jiwe hata moja linaloonekana ndani yake.

Kuna mpaka mwingine ambao picha iliyochapwa kwa ukubwa huufichua bila huruma. Vihisio vya kamera nyingi hufuata mpangilio wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya nukta zake hupokea kijani, robo nyekundu, na robo buluu. Toleo linaloegemea mno nyekundu peke yake, au linaloisukuma buluu chini kupita kiasi, linajengwa juu ya sehemu ndogo ya taarifa zilizopokewa. Matokeo yake ni chembechembe katika anga, na mstari mweupe mwembamba unaofuata ukingo wa mlima pale unapokutana na mbingu. Kwenye skrini ndogo mstari huo hauonekani. Ukutani hakionekani kingine. Faili la JPEG huongeza tatizo, kwa kuwa lina ngazi 256 tu za kila rangi na kwa kawaida huhifadhi taarifa za rangi kwa ukali mdogo kuliko zile za mwangaza; ukilivuta sana, anga hukatika katika mistari na vipande vya mraba. Faili ghafi (RAW), yaani lile linalobeba taarifa za kihisio kabla hazijachakatwa, likiwa la biti 14 lina ngazi 16,384, nalo huvumilia mengi zaidi. Picha zangu za zamani ambazo nilikuwa nazo kwa JPEG peke yake ziliishia kubaki na rangi zake, na si kwa sababu rangi ndiyo iliyozifaa.

Sasa nije kwenye umbali, ambao kwa maoni yangu ndio unaotenganisha mandhari njema na mbaya katika matoleo yote mawili. Safu za milima zinazofuatana kuelekea upeo wa macho hutuambia umbali wake kwa njia mbili: kila safu ya mbali zaidi huwa na ubuluu zaidi, na pia huwa imepauka zaidi, kwa sababu ya hewa na ukungu mwembamba ulio kati yake na sisi. Toleo la rangi hutumia njia zote mbili. Toleo jeusi na jeupe hubaki na ya pili tu, nayo iko mikononi mwa kichanganyio. Nyekundu hupenya ukungu huo; ukiitegemea, mlima wa mbali hunoleka na kukolea, unasogea mbele, na kina cha picha kinakufa. Buluu hufanya kinyume chake: ukiiinua, kila safu hupauka kuliko ya mbele yake na zote hujipanga kama ngazi. Naona picha nyingi za mandhari nyeusi na nyeupe zilizochapwa kwa ukali wa kupindukia, kila jiwe la mbali likionekana waziwazi, na huwa najiuliza aliyezitengeneza aliikosea nini hewa. Katika picha yangu ya safu za asubuhi, toleo lililoinuliwa buluu lilikuwa bora kuliko la rangi, maana rangi ya buluu ilikuwa imetawala fremu nzima kiasi kwamba jicho lilishaizoea na kuacha kuitambua.

Msitu ulinishinda zaidi ya vyote. Majani ni ya rangi moja, au karibu moja, kwa hiyo kichanganyio hakina cha kukitenganisha na kingine. Kinachobaki ni mwanga wenyewe, unaoangukia jani hili na kuliruka lile. Wengine hukimbilia infraredi, ambayo huyafanya majani kuwa meupe kwa kuwa yanaakisi kwa wingi mwanga huo usioonekana. Mwanafizikia wa Marekani Robert Wood alionyesha picha za namna hiyo tangu mwaka 1910. Ni njia nzuri, ila inahitaji kamera iliyorekebishwa au filta maalumu, na matokeo yake ni ulimwengu mwingine kabisa. Nilichojifunza msituni kinahusu filta ya polaraiza. Filta hiyo hukata mng'ao wa juu ya majani yaliyolowa, na kwa toleo la rangi ni msaada mkubwa, maana kijani kilichofichwa na mng'ao hujitokeza na kukolea. Kwa toleo jeusi na jeupe, mng'ao huohuo ndio uliokuwa ukichora umbo la kila jani. Ukiukata, unakata mchoro, na hakuna programu itakayourudisha. Tangu nilipoliona hilo, msituni napiga picha mara mbili, filta ikiwa imezungushwa na ikiwa imeachiwa, hata kama wakati huo nina hakika ninataka toleo lipi. Hakika hiyo imewahi kunigeuka.

Baada ya kujua kutengeneza matoleo mawili yenye hadhi sawa, kukabaki kazi ya kuyaamua, na hapo macho yenyewe hayaaminiki. Ukiyaweka ubavu kwa ubavu kwenye skrini, toleo la rangi huliua lile la kijivu kabla hujaanza kufikiri. Kijivu kilicho karibu na machungwa au kijani kikali huonekana kimekufa, na hata huonekana kuwa na kidokezo cha rangi iliyo kinyume cha jirani yake. Ukitazama la kijivu peke yake kwa muda kisha ukafungua la rangi, rangi hupiga kelele, nawe unaweza kuzipunguza bila sababu. Utaratibu uliokuja kunifaa ulikuwa kutoyaona yote mawili kwa pamoja mpaka mwisho. Nilianza na la nyeusi na nyeupe, nikalifikisha mahali pa kuridhisha, nikaliacha hadi kesho yake. Kisha nikatengeneza la rangi toka mwanzo kutoka kwenye faili ghafi, bila kuchungulia lile la kwanza. Baadaye nilitazama kila moja likiwa dogo, juu ya mandharinyuma ya kijivu, na pia likiwa limepinduliwa kichwa chini, hali inayomfanya mtu aache kuona mlima na kuanza kuona mpangilio wa mwanga na giza. Mwangaza wa skrini niliufunga mahali pamoja. Skrini inayojirekebisha kufuatana na taa ya chumba huharibu kazi ya wiki nzima.

Picha iliyonitesa katika uamuzi ilikuwa ya ziwa wakati wa machweo: machungwa karibu na maji, urujuani juu yake, na mstari mweusi wa ufuko wa mbali. Niliipenda kwa sababu nilikuwapo, upepo ukiwa umetulia. Katika nyeusi na nyeupe haikuwa na kitu. Machungwa na urujuani vilikuwa na mwangaza sawa, na vilipovuliwa rangi vikawa bamba moja la kijivu lenye mstari katikati. Nikivitenganisha kwa kichanganyio, anga ilipata mpaka usiokuwepo, kana kwamba mtu ameichana. Picha hiyo yote ilijengwa juu ya uhusiano wa rangi mbili, na kuondoa rangi kulikuwa kuondoa picha. Kwa upande mwingine, picha niliyokuwa nimeitupa kando, ya miamba mitupu adhuhuri chini ya jua la utosi, ilisimama vizuri mno bila rangi. Wekundu wa vumbi na ubuluu mkali wa anga vilikuwa vikigombana, na kumbe chini yake kulikuwa na vivuli vifupi vilivyochongwa vizuri. Wasemao kwamba nyeusi na nyeupe huokoa picha ya mwanga mbaya wamesema nusu. Huokoa rangi zinazogombana, huokoa koti la njano la mpita njia lililovamia kona ya fremu, huokoa mchana mkali wenye vivuli vyenye umbo. Mwanga uliopooza usio na kivuli wala mwelekeo hauokolewi, kwani hapo umbo lenyewe ndilo linalokosekana.

Niliwaomba pia watu wanitazamie. Waliowahi kufika mahali palipopigwa picha walichagua rangi karibu kila mara, na walipoeleza sababu walieleza kumbukumbu zao. Wasiowahi kufika waligawanyika, na sababu zao zilihusu mistari, uzito na mahali jicho lilipotua. Maoni ya kundi la pili yalinisaidia zaidi, ingawa kwa kusema kweli yaliniuma, maana baadhi ya picha nilizozipenda hawakuzitazama mara mbili.

Uchapaji una mitego yake. Toleo la rangi huvumilia kuegemea kidogo upande wa njano au wa zambarau bila mtu kugundua. Toleo jeusi na jeupe halivumilii hata kidogo. Printa yenye wino mmoja tu mweusi mara nyingi hutengeneza vijivu kwa kuchanganya wino za rangi, na picha inayoonekana safi karibu na dirisha huweza kuonekana na ukijani au uzambarau chini ya taa. Printa zenye wino kadhaa za kijivu hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na kama huna, ni heri kazi hiyo uipeleke kwa mwenye nayo kuliko kumaliza karatasi ukitafuta kijivu kisicho na doa. Karatasi isiyong'aa hupunguza kina cha weusi, na hasara hiyo huonekana zaidi katika picha inayotegemea weusi wake kuliko katika ile inayotegemea rangi. Nilianza kuokoa fedha nilipoacha kuchapa majaribio ya ukubwa kamili na kuchapa vipande vyembamba tu, vinavyokata anga, ukingo wa mlima na kivuli kizito kwa wakati mmoja. Kipande hicho kiachwe kikauke kabla ya kuhukumiwa, na matoleo yote mawili yatazamwe chini ya taa ileile itakayowaka mahali yatakapotundikwa.

Mwishowe mkusanyo ulichanganyika: ziwa lilichapwa kwa rangi, miamba ya adhuhuri na safu za asubuhi zikachapwa nyeusi na nyeupe, na mteremko wa maua ukabaki na wekundu wake. Sikuzichanganya katika safu moja ukutani, kwa kuwa tatizo lile la skrini hujirudia humo: picha moja ya rangi ikiwekwa kati ya mbili za kijivu huziiba zote mbili. Za rangi zina ukuta wake na za kijivu zina wake, na mtazamaji anageuka mzima kutoka huku kwenda kule. Msitu bado una faili mbili kwenye kompyuta, zote mbili zimekamilika, na sijachapa hata moja.